Kilwa ipi unayoitafuta?

Andika Kilwa kwenye kisanduku cha kutafutia cha JSTOR, hifadhi ya mtandaoni ya makala za kitaaluma, kisha ubonyeze. Utaletewa Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, sarafu za masultani, Wareno na mizinga yao, vita vya Majimaji, mikoko na pweza. Katikati ya hayo zitajitokeza makala za sheria za kimataifa kuhusu mauaji ya Oktoba 2004. Mwanafunzi mmoja anayeandika tasnifu juu ya biashara ya pwani katika zama za masultani aliniletea orodha ya namna hiyo kwenye dawati langu la maktaba. "Samahani madam, Kilwa kulikuwa na vita gani 2004?"

Kilwa ya Lindi, hakuna. Ile ni Kilwa nyingine, mji wa Katanga kwenye ufuo wa Ziwa Mweru, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako askari wa serikali waliua watu zaidi ya 70 walipouchukua mji kutoka mikononi mwa waasi. Kesi zilizofuata zilifika mbali, ndiyo maana wanasheria wameandika sana. Ramani ikivutwa karibu kuna Kilwa ya tatu pia, kisiwa ndani ya ziwa hilohilo upande wa Zambia. Kompyuta haijui ni ipi unayoitaka. Inajua herufi tano tu.

Kijana mwenyewe alikuwa ameshajipatia dawa. Mtu alimfundisha kwamba ukitaka kuondoa kitu unaweka NOT, akaandika Kilwa NOT Congo. Orodha ikapungua, naye akafurahi. Mimi sikufurahi. Nikamwambia, "Kaa hapa kidogo, tuone umetupa nini."

JSTOR haitafuti kwenye jina la makala peke yake. Inapekua maandishi yote, kuanzia aya ya kwanza hadi tanbihi ya mwisho. Kwa hiyo NOT Congo haisemi "niondolee makala zinazohusu Kongo". Inasema "niondolee makala yoyote yenye neno Congo, popote lilipo". Mtaalamu wa mambo ya kale akitaja shaba iliyochimbwa bara, makala yake imeondoka. Akitaja kitabu kimoja chenye neno Congo kwenye jina lake, imeondoka. Makala nzuri kabisa kuhusu njia za misafara zilizoanzia Kilwa Kivinje karne ya 19 inaweza kupotea kwa sababu ya sentensi moja iliyo ukurasa wa ishirini. Na ubaya mkubwa wa NOT ni huu: haikuonyeshi ilichotupa. Unabaki na orodha fupi, safi, yenye mapengo usiyoyaona.

Kuna mfano ninaoupenda zaidi. Kampuni ya madini iliyotajwa sana kwenye habari za Kilwa ya Kongo ilikuwa na ofisi Australia, kwa hiyo Australia imo kwenye makala nyingi zile. Mtu mjanja anaweza kuandika Kilwa NOT Australia akidhani amepata njia salama zaidi. Kumbe mwaka 1944 askari wa rada wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, na tano kati yake zilikuja kutambuliwa kuwa za masultani wa Kilwa. Zilifikaje huko, wanabishana mpaka leo. Kwa mtu anayeandika kuhusu biashara ya Bahari ya Hindi, hiyo si habari ya kuachwa nje, na neno moja lingeifuta yote. Ukigeuza ukaandika Kilwa AND Australia, utapata sarafu na mgodi, vimekaa pamoja kwenye orodha moja kana kwamba vinajuana.

Basi tukaifuta NOT. Badala ya kuikataa Kilwa asiyoitaka, tukaieleza anayoitaka. Nilimuuliza: makala inayoihusu Kilwa yako haiwezi kukosa maneno gani? Akafikiri. Kisiwani. Sultan. Songo Mnara, maana magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara yaliingizwa pamoja kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981 na ni nadra mtu aandike habari za moja asiitaje nyingine. Swahili. Hapo nikamsimamisha, kwa sababu Katanga nako watu wanaongea Kiswahili, na neno Swahili linaweza kuturudishia tuliokuwa tunawakimbia. Tukaishia hapa:

Kilwa AND (Kisiwani OR "Songo Mnara" OR sultan*)

Kile kinyota mwishoni kinaleta sultan, sultans na sultanate kwa mpigo. Za Kongo zikapungua sana bila kufukuzwa kwa jina, na zile zilizotaja Kongo kwenye tanbihi zikarudi.

Viunganishi hivi vitatu, AND, OR na NOT, vimepewa jina la George Boole, mtoto wa fundi viatu wa Lincoln, Uingereza, aliyezaliwa 1815, akajisomea hisabati mwenyewe, na mwaka 1849 akawa profesa huko Cork, Ireland, bila kuwa na shahada ya chuo kikuu. Kitabu chake cha 1854 kina mfano ambao mfugaji yeyote ataufuata. Acha x iwe vitu vyeupe na y iwe kondoo. Basi xy ni kondoo weupe. Ongeza z, vitu vyenye pembe, na zxy ni kondoo weupe wenye pembe. Kila herufi unayoongeza, kundi linapungua. Hiyo ndiyo AND, kabla haijawahi kuwepo kompyuta wala kanzidata. Kuhusu OR, Boole mwenyewe alijumlisha tu makundi yasiyoingiliana. William Stanley Jevons ndiye aliyeilegeza baadaye, ikawa kama tunavyoitumia leo: kilicho kundi la kwanza, au la pili, au kote kuwili, na hakihesabiwi mara mbili.

Kutoka kwa kondoo hadi maktaba ilichukua karibu miaka mia, na hatua moja katikati hapo naipenda kuliko kompyuta zenyewe. Wanaokumbuka droo za kadi wanajua udhaifu wake. Unaweza kwenda kwenye droo ya somo "sarafu", au kwenye droo ya "Kilwa", lakini huwezi kuziambia droo mbili zikupe vilivyomo kote kuwili. Unanakili kwa mkono, unalinganisha, jioni inaingia. Miaka ya 1940 Mwingereza W. E. Batten, aliyekuwa akishughulika na hataza za plastiki, alitumia kadi za aina nyingine. Kila kadi ilikuwa ya somo moja, na juu yake kumechorwa vyumba vidogo vyenye namba. Kila namba ni hati moja. Hati namba 212 ikihusu somo hilo, unatoboa chumba cha 212. Ukitaka hati zinazohusu masomo mawili, unazipanga kadi mbili moja juu ya nyingine na kuziinua kwenye mwanga. Mwanga ukipenya mahali, umepata hati yako.

Hiyo ni AND unayoweza kuishika mkononi. OR haikuwa nyepesi hivyo. Kadi zikilaliana, mwanga hupita kwenye matundu ya pamoja tu, kwa hiyo ilibidi usome kadi moja, kisha nyingine. Kompyuta inafanya jambo hilohilo. Kwa kila neno inatunza orodha ya namba za hati zenye neno hilo. AND inatafuta namba zilizo kwenye orodha zote mbili, OR inaunganisha orodha, NOT inatoa orodha moja kutoka kwenye nyingine. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilipoanzisha mfumo wake wa MEDLARS mwaka 1964, daktari alituma ombi lake, mkutubi akaligeuza kuwa maneno na viunganishi, na majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa. Mtu aliyesubiri wiki kadhaa alifikiri vizuri kabla ya kuuliza. Leo jibu linakuja kabla hujainua kidole, na nadhani ndiyo maana watu wanauliza ovyo.

Kosa ninaloliona zaidi dawatini ni la AND. Ukimwambia mama ntilie "chai na maandazi", meza inajaa. Ukiiambia kanzidata AND, meza inapunguzwa. Mtu anaandika walimu AND wanafunzi AND shule AND elimu AND Tanzania AND changamoto, akidhani anaisaidia mashine kumwelewa, kisha anakuja kulalamika kwamba maktaba haina kitu. Kila AND ni sharti jipya. Makala bora kuhusu jambo lake huenda inasema "matatizo" wala haisemi "changamoto", na hapo imeshatoka.

Lakini kiunganishi ninachokitetea kuliko vyote ni OR, na kwetu sisi tunaotafuta habari za pwani na bara la Afrika Mashariki ndiko kazi kubwa iliko. Mambo yetu yameandikwa na watu wengi kwa lugha nyingi, na kila mmoja aliyataja kwa jina lake. Kilwa kwa Wareno ni Quiloa. Kwenye tafsiri za Ibn Battuta, aliyefika huko 1331, utakuta Kulwa. Waliofuata herufi za Kiarabu kwa ukaribu huandika Kilwah. Anayetafuta Kilwa peke yake amezifunga nje karne nzima za maandishi ya Kireno bila kujua. Sehemu ya kwanza ya mstari wa mwanafunzi wetu ilipaswa kuwa (Kilwa OR Quiloa OR Kulwa OR Kilwah), na ndivyo tulivyoibadilisha.

Majimaji je? Vita vile vya 1905 hadi 1907 vilianzia Nandete, kwenye milima ya Wamatumbi, ambayo leo iko wilaya ya Kilwa. Wanaandika Majimaji, Maji Maji, Maji-Maji. Waandishi wa Kiingereza wanaita rebellion, uprising, war au revolt, kila mmoja kwa msimamo wake wa kisiasa. Wajerumani wanaita Aufstand. Nchi yenyewe wakati huo haikuitwa Tanzania wala Tanganyika, bali Deutsch-Ostafrika, na aliyeandika ripoti mwaka 1907 hakuwa na namna ya kujua kwamba mwaka 1964 kungezaliwa jina jipya. Ukiweka AND Tanzania kwenye utafutaji wa ndani ya maandishi, umewanyamazisha mashahidi wote wa wakati ule. Kwenye katalogi ya maktaba mambo ni tofauti kidogo, maana hapo mkutubi ameshaongeza jina la nchi la sasa kwenye somo. Ndiyo sababu nawaambia watu wajue kwanza wanapekua nini: maandishi yote, au kadi yenye mistari michache tu ya mwandishi, jina la kitabu na somo. Kwenye katalogi tumia maneno machache. Kwenye maandishi yote ongeza masharti, na JSTOR inakuruhusu hata kudai maneno yakaribiane: ukifungia Kilwa coins ndani ya alama za kunukuu na kufuatisha ~10, unataka maneno hayo mawili yasipitane zaidi ya maneno kumi.

Majina ya taasisi nayo yana visa vyake. Unatafuta kazi za watu waliosanifu Kiswahili? Kamati iliyoundwa 1930 ilipitia majina kadhaa, ikaja kuwa TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu 2009 ni TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Mwandishi ni taasisi ileile, lakini katalogi imeandika jina lililokuwa kwenye jalada. Andika TUKI OR TATAKI, na hapo bado hujagusa zile za kabla.

Sasa niseme jambo ambalo miongozo ya Kiingereza hailisemi, kwa sababu halijawahi kuwasumbua wenyewe. Kile kinyota cha sultan* kinakaa mwishoni mwa neno. Kiingereza kinabadilika mwishoni: teach, teacher, teaching. Kiswahili kinabadilika mwanzoni. Mwalimu na walimu, kitabu na vitabu, shairi, mashairi, ushairi, mshairi, washairi. Ukiandika shairi* kwenye katalogi umepata shairi na shairini, basi. Ungetaka *shairi, lakini JSTOR na PubMed, kanzidata ya makala za tiba, hazikubali kinyota mbele, na PubMed inadai angalau herufi nne kabla hujakiweka. Mifumo mingi imefundishwa kwamba teacher na teachers ni jamaa. Kuhusu mwalimu na walimu haijafundishwa chochote, kwa hiyo inawaona kama watu wasiojuana.

Dawa ni OR, kwa mkono, neno kwa neno. Anayetafuta tungo ndefu za kale aandike utenzi OR utendi OR tenzi OR tendi, maana kaskazini ya pwani wanasema utendi na kusini utenzi, na vitabu vimefuata watu wake. Anayetafuta lugha yenyewe aandike Kiswahili OR Swahili OR Suaheli. Mkutubi aliyetumia masomo ya Maktaba ya Bunge la Marekani ameandika Swahili language. Mwandishi wa Dar ameandika Kiswahili. Mmisionari wa Kijerumani ameandika Suaheli. Nina daftari la makundi kama haya, na nikikuta tahajia mpya naiongeza. Mwenzangu mmoja ananicheka kwamba nakusanya makosa ya tahajia ya wakoloni. Anacheka, lakini analiazima.

Mabano nayapitia haraka, ingawa yanaharibu kazi za watu wengi. Ukichanganya AND na OR kwenye mstari mmoja, kila kanzidata ina utaratibu wake. Chukua malaria OR plasmodium AND Tanzania. PubMed inasoma kutoka kushoto kwenda kulia: inakusanya malaria na plasmodium kwanza, kisha inabaki na za Tanzania. Mfumo unaoanza na AND utafunga plasmodium na Tanzania pamoja, halafu utakumwagia malaria ya dunia nzima juu yake. Kanzidata ya Scopus nayo kwa miaka mingi ilianza na OR. Ni mstari uleule, lakini majibu yanatofautiana. Andika (malaria OR plasmodium) AND Tanzania na ubishi umekwisha. PubMed pia inataka viunganishi viwe kwa herufi kubwa. Na ukilifunga neno kwa alama za kunukuu pale, inaacha kukutafutia visawe, msaada ambao huwa inautoa kimyakimya. Muuguzi anayetafuta habari za vyandarua asianze na alama hizo. Aorodheshe majina yote, bednet, bed net, mosquito net, na vifupisho ITN na LLIN, kwa sababu watafiti wa Ifakara na wa London hawakukaa kikao kukubaliana jina moja.

Wapo wanaoniuliza, haya yote ya nini wakati programu za akili unde zinajibu swali la kawaida, hata kwa Kiswahili? Zitumieni kukusanya visawe, kwa hilo zinafaa. Ila siku hizi naletewa dawatini majina ya makala yenye mwandishi, mwaka na hata kurasa, tunatafuta kila mahali, hayapo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuyaandika. Mstari wa Boole ukikosa kitu unakuambia sifuri. Sifuri ile naiheshimu.

Jambo la mwisho nililomfanyisha yule kijana lilimchosha, lakini msimamizi wake atalidai. Alifungua ukurasa mpya mwishoni mwa tasnifu, akaandika jina la kanzidata, tarehe aliyotafuta, mstari mzima kama ulivyo pamoja na mabano yake, na idadi ya matokeo. Akafanya hivyo kwa JSTOR, akafanya tena kwa katalogi yetu, ambako mstari uleule ulileta vitabu vinne tu na ikabidi aondoe sharti moja. Mapitio ya tafiti kwenye tiba yanadai maelezo hayo siku nyingi, ili mtu mwingine aweze kurudia utafutaji uleule na kuona ulichokiona. Kwenye historia bado si desturi. Alipomaliza akaniuliza kama aongeze Quiloa kwa alama ya Kireno juu ya i, yaani Quíloa. Tukajaribu zote mbili.